Mwezi Tuliokwisha Kuupigia Hesabu

Hesabu ya mwezi si siri tena. Mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kujua leo dakika ambayo mwezi wa Ramadhani ya miaka kumi ijayo utapita baina ya dunia na jua, utakuwa juu kiasi gani hapa Unguja jua litakapokuchwa siku ile, na utatua nyuma yake kwa dakika ngapi. Hesabu hizo hizo ndizo zinazotabiri kupatwa kwa jua, na watu hupanga safari za ng'ambo kwa kuzitegemea. Basi magharibi ya mwezi 29 Shaabani, watu wanaposimama pwani ya Bububu wakitazama upande wa bara, wanatafuta nini ambacho hakijajulikana?

Aliyeniuliza ni kijana niliyemsomesha fizikia, na aliuliza kwa adabu, baada ya wenzake kuondoka. "Mwalimu, ikiwa jibu tunalo, kutazama kwa nini?" Nimelichukua swali lake kwa uzito kwa sababu ni kubwa kuliko mwandamo. Linamhusu kila anayeweka darubini uani kwake akatazama sayari ambazo wengine wamekwisha kuzipima, kuzipiga picha na kuziandikia vitabu.

Darubini yangu ililetwa na mpwa wangu kutoka Maskati. Ni ya kioo. Chini ya bomba kimekaa kioo cha mviringo chenye upana wa milimita 130, kimebonyea kidogo katikati. Kinakusanya mwanga na kuurudisha juu kwenye kioo kidogo kilichowekwa mshazari, nacho kinautoa ubavuni, penye lenzi ya kutazamia. Isaac Newton alitengeneza ya namna hii mwaka 1668, na mpango wenyewe haujabadilika sana. Yangu haina mota. Nikikuza mara 100, sayari huingia upande mmoja wa duara na kutoka upande wa pili kwa muda wa dakika mbili hivi, kwa sababu dunia inazunguka nasi tumo juu yake, na mtazamaji hana budi kuisogeza darubini polepole kwa mkono.

Sayari ninayopenda kuwaonesha watu ni Zohali. Chombo cha anga cha Cassini kiliizunguka tangu 2004 hadi 2017, kikapiga picha ambazo kila mtoto wa mtaa wetu ameziona kwenye simu kabla hajafika kwangu. Kwenye darubini yangu Zohali ni kitu kidogo cha manjano iliyopauka, chenye pete, kinachotetemeka kidogo hewa ikiwa na joto. Sijapata kumsikia mtoto hata mmoja akisema kwamba picha ni bora. Na jirani yangu, bibi aliyepita miaka sabini, aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Allahu Akbar. Kumbe kipo, mwanangu."

Hakuwa amekanusha hata siku moja kwamba Zohali ipo. Jina lake analijua tangu utotoni. Alikuwa nayo habari, tena ya kweli, na habari ile haikuongezewa chochote na kile alichokiona. Kama ni elimu, picha za Cassini zina elimu nyingi zaidi. Lakini kuna kitu alikipata pale uani, na nadhani ndicho alichokiomba Nabii Ibrahim katika Surat al-Baqara, alipomtaka Mola wake amwoneshe namna anavyohuisha wafu. Aliulizwa kama hakuamini. Akajibu kwamba ameamini, ila ataka moyo wake utulie. Akapewa ndege wanne, akaoneshwa. Kisa hiki kinanipa uhakika kwamba mtu anaweza kuwa na jibu zima na bado akawa na haja halali ya kuona.

Hapo ningeweza kumwambia kijana wangu kwamba habari ni kitu kimoja na jicho ni kitu kingine, mambo yakaisha. Fizikia hainiruhusu. Mwanga wa Zohali tunaouona leo usiku umeondoka kule zaidi ya saa moja iliyopita. Wa sayari ya Mshtarii huchukua baina ya dakika 33 na 54 hivi, kutegemea ilipo na tulipo. Hata mwezi, ulio jirani, tunauona ulivyokuwa sekunde moja na ziada iliyopita. Kwa hiyo kuona nako ni kupokea habari. Kitu hakiji machoni. Kinachokuja ni mwanga uliotoka kwake, umesafiri, umepita hewani, ukafika.

Mimi nimesomea chuoni kwa Maalim kabla ya kusomea fizikia, na jambo hili nalifahamu zaidi nikilitazama kama isnadi ya hadithi, yaani mnyororo wa wapokezi wake. Maneno ya Mtume yametufikia kupitia watu, na wanavyuoni hawakuyakataa kwa kuwa yamepita mikononi mwa watu, wala hawakuyapokea yote. Walimpima kila mpokezi: mkweli au mwongo, mwenye kuhifadhi au mwenye kusahau, je, alikutana kweli na yule aliyesema amesikia kwake? Mwanga wa mwezi nao una isnadi. Umetoka kwenye jua, ukapokewa na uso wa mwezi, ukapita kwenye hewa yetu yenye chumvi na moshi wa jioni, ukaingia jichoni, ukafika akilini, ndipo ukatoka mdomoni kwa mtu akisema, "Nimeuona." Darubini ni mpokezi mmoja aliyeongezeka kati ya hewa na jicho. Swali la haki juu yake ni lile lile tunalowauliza wapokezi wote.

Na liliulizwa mapema. Januari 1610 Galileo, akiwa Padua, aliona nyota nne ndogo zikiizunguka Mshtarii, na kabla mwaka haujafika nusu kijana mmoja aliyekuwa akiishi Bologna, Martin Horky, aliandika kwamba chombo kile kinafanya kazi vizuri duniani lakini angani kinadanganya. Watu humcheka Horky siku hizi. Mimi simcheki. Mnara wa mbali ulioonekana darubinini unaweza kuuendea kwa miguu ukahakikisha. Mshtarii hakuna awezaye kuiendea. Kwa nini kioo kiaminiwe pale ambapo hakuna wa kukisahihisha? Kilichomaliza shaka ni wingi wa mashahidi: watazamaji mbalimbali, wenye vyombo mbalimbali, waliona nyota zile zile zikihama kwa mpango ule ule. Mwisho wa mwaka huo hata Wajesuiti wa Roma walikubali, na miongoni mwao alikuwamo Christopher Clavius, mzee aliyeshiriki kurekebisha kalenda ya 1582. Mpokezi akapita mtihani.

Wanaolishuku kioo mara nyingi hudhani kwamba jicho tupu halina doa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Kairo miaka elfu iliyopita, alionesha kwamba mwanga ndio unaokuja jichoni, na kwamba mengi tunayosema tumeyaona yamekamilishwa na akili kwa kasi ambayo sisi wenyewe hatuitambui. Kabla yake, imesimuliwa kwamba swahaba Anas bin Malik, akiwa mkongwe sana, alisema ameuona mwezi mwandamo na wenzake hawakuuona. Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi wa Basra, akamtazama usoni akaona unywele mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho. Akaulainisha kwa mkono, kisha akamwomba auoneshe tena ule mwezi. Haukuwapo. Naipenda hadithi hii kwa upole wake. Iyas hakumwita mzee mwongo, na hakuna aliyedai kwamba Anas alisema uwongo. Mpokezi mmoja katika mnyororo, unywele tu, ndiye aliyekosea.

Sasa nije kwenye fikihi, maana hapa Unguja huwezi kuweka darubini pwani magharibi ya mwezi 29 usiulizwe. Ibn Hajar al-Haytami, katika sherehe yake ya kitabu cha fikihi cha Minhaj, hakuuhesabu mwandamo ulioonekana kwa njia ya kioo. Namheshimu sana, na darubini yangu ni kioo kitupu, kwa hiyo maneno yake yananigusa moja kwa moja. Lakini Mshafii mwingine aliyemtangulia, Taqiyyuddin as-Subki, kadhi wa Damascus aliyefariki 1355, alisema kwamba hesabu ya yakini ikionesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kauona urudishwe. Huyu aliruhusu elimu ilinde jicho lisijidanganye. Mimi naona wote wawili walikuwa wakilinda kitu kimoja: watu wasifungishwe wala kufunguzwa kwa jambo ambalo halina mashiko.

Nilimwendea Maalim, ambaye sasa ni mzee sana. Nikamwambia kwamba mwanga unaoingia jichoni mwangu kupitia kioo ni ule ule wa mwezi, haukubuniwa na kioo, na wavaao miwani hatuwakatalii ushahidi.

"Nimekufahamu, mwanangu," akasema. "Lakini mwezi huu wa nani?"

"Wa watu wote, Maalim."

"Basi mvuvi wa Kizimkazi asiye na chombo chako, umemwachia nini?"

Neno lake lilinikaa kwa sababu ya jambo nililokuwa nikilijua. Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mwandamo mchana kweupe, kwa kamera inayopokea mwanga usioonekana kwa macho, katika dakika ile ile ya mwezi kupita karibu kabisa na jua. Ukiwa karibu na jua hivyo hakuna jicho la binadamu litakaloupata. Mwanafalaki André Danjon alikadiria kwamba mwezi ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwa jua, hilali haionekani. Kamera ya Legault iliupata ukiwa karibu nyuzi 4 na nusu. Nikikubali kila chombo, nimekubali na hicho, na hapo kutazama kumekwisha. Kumebaki kuthibitisha hesabu kwa mashine. Mvuvi hana nafasi tena, na wala mimi sina.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana ni hili. Hesabu inatuambia mwezi uko wapi, na hilo ni elimu njema, tena ni wajibu wa walioisoma kuwasaidia wenzao. Kutazama hakuongezi elimu hiyo. Kunamfanya mtu awe shahidi. Hesabu ikikosea nitasema kitabu kimekosea. Nikisema nimeona, ni mimi ninayeulizwa, hapa kwa kadhi na kesho kwa Mungu. Jamii inayoanza mwezi wake kwa ushahidi inalazimika kila baada ya siku 29 kujiuliza nani kati yao anaaminika. Sijui njia nyingine ya kuhesabu siku inayowalea watu namna hiyo.

Mwenyewe nafanya hivi. Nasubiri jua lizame lote, kwani kulielekezea darubini jua hata ukingo wake ni kupofuka. Kisha nautafuta mwezi kwa kioo pale hesabu iliponielekeza. Nikiupata, nawaita waliopo watazame, nawaonesha uko juu ya jahazi gani au mti gani, na hapo kila mmoja ainue kichwa aangalie kwa macho yake. Mara nyingi wenye macho mazuri huuona papo hapo, kwa sababu sasa wanajua pa kuangalia. Nawauliza pembe zimeelekea wapi. Huku kwetu, karibu na ikweta, hilali hulala chali na pembe zake hutazama juu. Anayeniambia zimeelekea chini hajauona, na namwambia hivyo kwa upole.

Zipo jioni ambazo unaonekana kiooni tu na macho yote pwani hayaupati. Jioni kama hizo natoa habari kwa maneno kamili: mahali, saa, na kwamba niliona kwa darubini ya kioo na kwa macho matupu sikuona. Siongezi na sipunguzi. Uamuzi kama watu wafunge ni wa kadhi, na nikiulizwa rai yangu, namwambia asubiri siku ya 30.