Bei ya Haki ya Bastola ya Kale

Biashara ni maelewano. Msemo huu tumeuzoea mno, hata hatujiulizi tena unasema nini. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi hupunguza, muuzaji hushusha kidogo, mnunuzi huongeza kidogo, na mwishowe fedha zikishahesabiwa husemwa kwamba haki imetendeka, maana hakuna aliyelazimishwa. Kwa fungu la nyanya au kopo la dagaa msemo huo watosha. Wote wawili wamekwisha kupita sokoni mara nyingi, na wote wawili wanajua jana fungu lilikuwa shilingi ngapi. Lakini viko vitu ambavyo mmoja anavijua na mwenzake havijui kabisa, na hapo ndipo msemo wetu unapoanza kuchechemea.

Nimechagua kitu kimoja cha namna hiyo tukitafakari pamoja, ndugu msomaji, nacho ni bastola ya kale. Nazungumzia aina ile iitwayo rivolva, ambayo risasi zake hukaa katika kigurudumu kinachozunguka kila mtu afyatuapo. Kwa aliye wengi hicho ni chuma cha kutisha tu. Lakini wako watu duniani, hasa Marekani na Ulaya, wanaozikusanya bastola hizo kama wengine wakusanyavyo stempu, nao hulipa fedha nyingi kuzipata.

Uwanda wetu wa Ufipa si mgeni wa silaha za wakati uliopita. Kule Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani walijenga boma wakaliita Bismarckburg, na vita viliwatoa humo mwezi Juni 1916. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliyasalimisha majeshi yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Husimuliwa kwamba silaha zilizokusanywa pale zilitupwa katika Ziwa Chila. Baina ya Kasanga na Mbala walipita maofisa, askari, na wapagazi wasiohesabika waliobeba mizigo ya pande zote mbili. Si ajabu, basi, kwamba mara moja moja kitu cha vita vile huibuka katika sanduku la marehemu fulani.

Hapa Malangali, mjini Sumbawanga, jambo hilo lilimpata mama mmoja mjane, jirani yangu. Katika sanduku la baba mkwe wake ilikutwa bastola iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta, pasipo risasi. Wazee wa ukoo walijua tu kwamba ilitoka kwa babu aliyekuwa mpagazi katika vita vya kwanza. Habari zilivuja, kama habari zivujavyo, na asubuhi moja akaja kijana kwa pikipiki. Alisema ananunua vitu vya Wajerumani: rupia, saa, darubini, chochote. Alitaja shilingi laki moja na nusu. Mama akasema atafikiri. Jioni kijana alirudi akataja laki nne. Ndipo mama alipomuuliza, "Mwanangu, tangu asubuhi chuma hiki kimeongezeka nini?" Kijana akacheka, akajibu, "Mama, biashara ni maelewano."

Baada ya kijana kuondoka, mama alinituma mtoto akaniite, kwa kuwa katika mtaa wetu mwalimu mstaafu ndiye asomaye kila kilichoandikwa kwa lugha ngeni. Niliyasoma maandishi yaliyochorwa kwenye chuma. Haikuwa ya Kijerumani hata kidogo. Ilikuwa Webley ya Kiingereza, toleo la sita, ile iliyoidhinishwa kwa jeshi la Uingereza mwaka 1915, na ubavuni ilipigwa mhuri wa mwaka 1917.

Tukiache kisa hicho kwa muda, tutazame jinsi wajuzi wanavyozithamini bastola hizi. Kwanza hutazama jina la mtengenezaji na toleo. Pili hutazama namba: je, namba iliyoko kwenye kiwiliwili yalingana na ile ya kigurudumu, au vimeungwa vipande vya bastola mbili? Tatu hutazama rangi ya awali ya chuma. Hapa ndipo mtu wa kijijini anapojidhulumu mwenyewe pasipo kujua, maana akisikia mnunuzi anakuja huchukua msasa akasugua kutu mpaka chuma king'ae. Machoni pake amekisafisha. Machoni pa mkusanyaji amekiharibu, kwa sababu rangi ya miaka mia ikishaondoka hairudishiki. Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, huuliza ilikuwa ya nani, na ushahidi uko wapi.

Jambo hili la nne lina maajabu yake. Tarehe 10 Julai 1873 mshairi Mfaransa Paul Verlaine alinunua rivolva mjini Brussels kwa faranga 23, na siku hiyo hiyo akampiga nayo risasi rafiki yake, mshairi Arthur Rimbaud, akamjeruhi mkononi. Mwaka 2016 bastola hiyo iliuzwa katika mnada mjini Paris kwa euro 434,500. Mwaka 2019, mjini Paris vilevile, iliuzwa kwa euro 162,500 bastola iliyoliwa na kutu, iliyookotwa na mkulima shambani katika kijiji alichofia mchoraji Vincent van Gogh. Hakuna mwenye hakika kwamba ndiyo aliyojipigia, yasadikiwa tu. Na mwaka 2021, kule Marekani, Colt ambayo Pat Garrett alimwulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Bastola nyingine za muundo ule ule, zilizotoka katika kiwanda kile kile, hazifiki hata sehemu ndogo ya bei hiyo.

Basi tunajifunza nini? Kwamba mnunuzi wa bastola ya kale hanunui chuma, ananunua habari. Na habari yenye bei ni ile iliyoandikwa. Babu wa jirani yangu alibeba mizigo ya vita kwa kichwa chake, lakini jina lake halimo katika karatasi yoyote. Kama bastola ile ingalikuwa na barua ya ofisa wa Kiingereza, bei yake ingalipanda. Historia ya aliyebeba haina bei, kwa kuwa hakuna aliyeiandika. Hiyo ni dhuluma ya kwanza, nayo ilitendeka zamani kabla kijana wa pikipiki hajazaliwa.

Dhuluma ya pili ndiyo inayotuhusu sisi tulio hai: je, anayejua anaruhusiwa kunyamaza? Swali hili ni la kale. Cicero, mwanasheria na mwandishi wa Roma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara ameleta nafaka toka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes, nako kuna njaa. Njiani ameziona merikebu nyingine zikija na shehena kama yake. Akinyamaza atauza ghali. Akisema, bei itashuka. Cicero anasimulia jinsi wanafalsafa walivyobishana, mmoja akisema kunyamaza si kuficha, mwingine akisema ni wajibu kusema yote. Yeye mwenyewe akaamua kwamba mfanyabiashara yule hakupaswa kuwaficha watu wa Rhodes. Kisha anamtaja Scaevola, aliyetaka kununua shamba. Muuzaji alipotaja bei yake, Scaevola akasema kwamba yeye analiona shamba lina thamani zaidi, akaongeza sesterti laki moja juu ya bei iliyotajwa.

Watu wa dini nao wameliona jambo hili. Mtume Muhammad aliwakataza watu kutoka mjini kwenda kuupokea msafara njiani ili wanunue bidhaa kabla wenye mali hawajafika sokoni na kujua bei. Na mwenye mali aliyenunuliwa namna hiyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuvunja mauzo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba haifai kumwuzia mtu kitu ghali kwa sababu tu shida yake imembana. Nionavyo mimi, kinyume chake ni kweli vilevile: haifai kununua kwa mtu rahisi kwa sababu tu ada ya shule ya mtoto wake inadaiwa Jumatatu.

Lakini tusiwaonee wanunuzi. Mtu aweza kuuliza, na kwa haki: Je, ujuzi hauna malipo? Aliyetumia miaka kumi kujifunza kutofautisha mhuri na mhuri, aliyetoa nauli toka Dar es Salaam, aliyepita vijiji ishirini asipate kitu, apate nini? Anastahili kupata, tena vizuri. Mkulima wa Laela hamlaumu mwenye lori kwa kupata faida mjini, maana mafuta yana gharama na barabara ina mashimo. Faida ya jasho ni halali, hata jasho hilo likiwa la akili. Tatizo ni faida nyingine iliyojificha nyuma ya hiyo, yaani faida itokanayo na ujinga wa mwenzako peke yake. Mnunuzi mwema aweza kusema, "Mama, kitu hiki huko nje chaweza kufika kiasi hiki, gharama zangu ni hizi, naweza kukulipa hiki." Akisema hivyo, hata akilipa nusu, hakumdhulumu. Lakini bei inayoruka toka laki moja na nusu hadi laki nne baina ya asubuhi na jioni inatoa ushahidi yenyewe. Ilikuwa ikipima muuzaji anajua nini na atavumilia mpaka wapi, wala haikupima thamani ya kitu.

Turudi kwa jirani yangu. Nilimweleza mambo mawili. La kwanza, kwamba kitu kile kina watu wanaokitafuta, na kwamba aliyekuja anajua zaidi kuliko alivyosema. La pili lilikuwa chungu: kwamba silaha ni silaha hata ikiwa kuukuu, na kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki wala kuuza bastola pasipo kibali. Kijana yule hakulitaja hilo kabisa. Alikuwa tayari kuchukua faida na kumwachia mama hatari ya kifungo, na hatari nayo ni sehemu ya bei. Bahati njema, serikali ilikuwa imetangaza kipindi cha msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Wanawe waliipeleka kituoni, ikapokewa bila maswali mengi, ikaandikwa daftarini kuwa bastola moja kuukuu.

Waliporudi mama aliniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, bei ya haki ni sifuri?"

Swali hilo limenikaa moyoni muda mrefu, kwa kuwa aliyeliuliza alikuwa na ada ya kulipa, na laki nne zingetosha. Jibu langu ni hili. Sheria haikusema kwamba kitu chake hakina thamani. Ilisema kwamba kitu chenye uwezo wa kuua hakipiti mkono kwa mkono gizani, kwa kuwa wa tatu, yule atakayepigwa nacho, hakuwapo wakati wa maelewano. Wauzaji wawili wa nyanya hawana wa tatu wa kumhofia. Wenye bastola wanaye siku zote, na haki yake hutangulia haki ya mfuko. Kwa hiyo kuisalimisha ilikuwa sawa.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba mama alilipwa alichostahili. Maneno matatu katika daftari ni malipo madogo mno kwa kumbukumbu ya ukoo mzima. Hakuna aliyemwuliza babu alikuwa nani, alitoka kijiji gani, aliipata wapi bastola ya ofisa. Haki ya chini kabisa, pale ambapo fedha haziwezi kulipwa, ni kuandika habari, ili angalau safari hii aliyebeba awe na jina. Nilimshauri akae na wazee waliosalia, wakumbuke, na mjukuu mmoja aandike katika daftari la shule. Waliandika kurasa nne. Bastola imekwenda, lakini kile ambacho wakusanyaji wa Paris wangekilipia kuliko chuma chenyewe kimebaki nyumbani.

Nadhani sasa twaweza kupata kipimo. Mnunuzi na ajiulize: siku muuzaji atakapojua yote ninayoyajua mimi, nitaweza kukaa naye kibarazani na kumweleza bei niliyompa bila kuona haya? Kama jibu ni ndiyo, bei ni ya haki, hata ikiwa ndogo. Kama jibu ni hapana, si ya haki, hata kama muuzaji aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kipimo hiki chafaa kwa rupia za bibi, kwa kiwanja, na kwa gunia la mahindi linalojazwa lumbesa huku mkulima akilipwa kama gunia la kawaida.

Lugha yetu, kwa hakika, ilikwisha kutuambia. Hatukusema kwamba biashara ni kukubaliana, maana mtu aweza kukubali asichokijua. Tulisema ni maelewano, na neno hilo limetokana na kuelewa. Asipoelewa mmoja, maelewano bado hayajaanza.