Alichokuambia Kabla Hujauliza

Wahenga walituachia msemo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mama mboga msemo huo bado una nguvu. Nyanya unaiona, unaibonyeza, unajua. Lakini mtandaoni kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena kwa picha ileile iliyonakiliwa kutoka tovuti ya kampuni, na chini yake maneno yaleyale: mali safi, bei ni inboksi.

Chukua kadi ya grafiki, kile kipande cha kompyuta kinachopiga hesabu za picha. Si anasa ya wacheza gemu peke yao. Kwa kijana anayehariri video za harusi, au anayechorea watu ramani za nyumba, kadi hiyo ndiyo jembe lake. Akiwa na laki moja, mambo ni rahisi: ananunua mpya, kwenye boksi, na waranti juu. Akiwa na elfu kumi, anaingia soko la mtumba, na huko ndiko swali langu linakoanzia. Muuzaji mwaminifu ni yupi? Ni yule asiyesema uongo, au kuna zaidi?

Tuanze na uongo mtupu, kwa sababu upo. Kuna kadi za zamani, kama GTX 550 Ti ya mwaka 2011, ambazo watu walizibadilishia programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, iliyotoka 2016. Ukiichomeka, kompyuta yenyewe inasoma jina la uongo na kukuonyesha. Ujanja huo ulienea hadi mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z ikaongezewa uwezo wa kuzitambua kadi feki za Nvidia. Hapo hatuna mjadala wa maadili. Huyo muuzaji ni mwizi, basi.

Mjadala unaanza na GT 1030. Kadi hii ndogo ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likaja toleo lenye DDR4, linalopitisha kama 17 hivi. Jina? Lilelile. Sasa muuzaji anaandika: "GT 1030, GB 2, iko sawa." Kila neno ni kweli. Na bado mnunuzi anaweza kwenda nyumbani na kadi ambayo kumbukumbu yake ina karibu theluthi tu ya kasi aliyodhani amelipia.

Au chukua kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Septemba 15, 2022, Ethereum iliachana na mfumo uliotegemea kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikikesha kazini zikatafutiwa wanunuzi. Nyingine ni nzima kabisa. Nyingine feni zimechoka. "Imetumika lakini iko fiti," tangazo linasema, na huwezi kumshtaki mtu kwa neno fiti.

Jibu la mtaani ni moja: si ungefanya utafiti, bana? Nalielewa jibu hilo. Mnunuzi ana wajibu wake. Lakini liangalie vizuri uone linamtwika nani mzigo. Mwenye laki moja hahitaji kujua tofauti ya GDDR5 na DDR4. Pesa zake zinamjulia. Mwenye elfu kumi ndiye anayetakiwa awe fundi, mpelelezi na wakili kwa wakati mmoja, kwa bando la kununua. Na akikosea, hana elfu kumi nyingine. Yaani asiye na nafasi ya kukosea ndiye tunayemwachia nafasi nyingi za kukosea.

Ndiyo maana nasema kunyamaza si uaminifu. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na pia haki ya habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Habari, si ukweli wa kuombwa tu. Muuzaji mwaminifu ni yule anayekuambia jambo ambalo hukujua unapaswa kuuliza, hata kama litakufanya usinunue. "Hii RX 580 inataka waya wake wa umeme, na pawa saplai yako haina. Usinunue." Sentensi hiyo imemnyima mauzo. Ukiisikia, umempata mtu.

Mengine ni ishara ndogo: picha ya kadi yenyewe, na nambari yake ya siri ya kiwandani ionekane kwenye risiti, kukubali uijaribu kabla ya kulipa, jina la till lifanane na jina la duka, muda wa kurudisha uandikwe, usiishie kwa "tutaongea". Nyota tano hazitoshi. Nyota hununuliwa.

Lakini tusijifanye malaika. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika kuhusu magari ya mitumba. Mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, alieleza, hatakubali kulipa bei ya zima. Basi mwenye zima anaondoka sokoni, na mabovu yanabaki. Hoja hiyo ilichangia kumpatia Nobel mwaka 2001. Ukitembea Luthuli Avenue utaiona ikitembea kwa miguu. Tunaenda kwa yule jamaa mwenye subira, tunamuuliza maswali nusu saa, anatufungulia kompyuta, anatupimia. Kisha tunatoka na kununua kwa jirani yake, kwa sababu jirani amepunguza mia tano. Mwaka ujao tunalalamika kwamba wauzaji waaminifu wameisha. Hawajaisha. Tuliwafukuza kwa mia tano mia tano. Ukweli una gharama, na kama hatuko tayari kulipa hata sehemu yake, tusishangae ukikosekana dukani.

Na kuna jambo la mwisho. Katika soko la mtumba hakuna anayebaki mnunuzi milele. Siku moja kazi zitaongezeka, utataka kadi kubwa zaidi, na hii ya sasa utaipiga picha uiweke mtandaoni. Upande wa pili atakuwepo kijana mwenye elfu kumi, asiyejua aulize nini. Feni ya kushoto inapiga kelele, na wewe unajua. Yeye hataiona kwenye picha. Iandike.