Mali ya Watu Mikononi mwa Mtu

Watu wetu wakisikia kuwa kampuni ya Marekani imetia mamilioni katika biashara ya kijana asiye na duka wala ghala, husema hiyo ni kamari. Sivyo. Mtoa mali hamkopeshi kijana yule kwa riba. Hununua sehemu ya biashara yake: ikipata wapate wote, ikifa na mali yake imekufa. Aliyesoma mlango wa mudharaba, mmoja atoe mali na mwenziwe afanye kazi, haoni ugeni hapo. Bibi Khadija alikuwa akitoa mali yake ikapelekwa Sham kwa njia ya namna hiyo.

Tuitazame Sequoia, aliyoianzisha Don Valentine huko California mwaka 1972. Mwaka 1978 ilitia dola 150,000 katika Apple, ikaziuza hisa zake mapema, kabla Apple haijauza hisa kwa umma mwaka 1980. (Pupa haiwaachi hata mabingwa.) Mwaka 1999 ikatia dola milioni 12.5 katika Google. Na hii WhatsApp, ambayo siku hizi hata tanzia hutufikia kwayo, Sequoia ilikuwa na sehemu yake Facebook ilipoinunua kwa dola bilioni 19 mwaka 2014.

Lakini mali hizo nyingi si zao; ni amana za vyuo vikuu na mifuko ya hisani. Kwa kijana wao ni wenye mali, kwa vyuo wao ni watendaji walioaminiwa. Tena mtendaji wa mudharaba hana ila fungu lake la faida, na desturi ya shughuli hii ni kutoza pia ada ya kila mwaka, mara nyingi kama asilimia 2, faida iwepo isiwepo.

Sasa lije suala lenyewe. Mwaka 2021 Sequoia ilitia mali katika FTX, soko la sarafu za kompyuta la Sam Bankman-Fried. Novemba 2022 soko likaanguka, na zaidi ya dola milioni 210 zikahesabiwa si kitu. Sequoia ikawaandikia wenye mali kuwa mfuko uliopoteza milioni 150 kati ya hizo una faida ya kama bilioni 7.5 kwingineko. Kwa hesabu ni sawa. Mafakihi wetu nao husema faida huziba hasara kabla ya kugawanya. Je, na amana huzibwa hivyo?

Mtendaji asiyezembea halipi hasara, aliyezembea hulipa. Kweli Sequoia walidanganywa: mahakama ya New York ilimtia Bankman-Fried hatiani mwaka 2023, akafungwa miaka 25. Lakini katika Google mtu wao, Michael Moritz, alikaa katika halmashauri ya wakurugenzi, akashikilia vijana wale watafute meneja mzoefu, hata akaja Eric Schmidt mwaka 2001. Katika FTX hawakuwa na kiti. Mimi naona huo ni uzembe, ijapokuwa hapana kadhi wa kuwahukumu.

Na wako waliokuwa nje ya mkataba kabisa, wateja walioweka fedha zao FTX. Mtu akiona majina makubwa yamesimama mlangoni huingia bila kuuliza. Hao hawakuwa na bilioni 7.5 za kuzibia. Walingoja mpaka Februari 2025 ndipo malipo yakaanza, tena kwa bei za Novemba 2022, na bitcoin yenyewe imeshapanda mara kadhaa.