Neno "Amini" na Maji ya Kunywa

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa matangazo ya ibada ya Jumapili, nilimruhusu mgeni asimame mbele ya usharika. Alikuwa amevaa suti safi, na mkononi ameshika kifimbo cha chuma kisichozidi ukubwa wa kalamu. Alisema ndani yake kuna "nguvu ya nano". Ukikizungusha juu ya bilauri ya maji kwa dakika chache, maji hubadilika, yanakuwa safi, tena yanatibu mifupa, kisukari na shinikizo la damu. Sikuelewa hata nusu ya aliyoyasema. Lakini nilikuwa na haraka, mnada ulikuwa unasubiri nje, nami nikamfungia maneno yake kwa sentensi ambayo nimeijutia tangu siku hiyo: "Wapendwa, mambo mengi ya Mungu hatuyaoni kwa macho. Tuamini tu."

Mjane mmoja, mtu mzima sana, ambaye hapa nitamwita Bibi, alinunua kile kifimbo. Aliuza mbuzi ili akinunue. Alikizungusha juu ya maji ya wajukuu wake asubuhi na jioni kwa muda wa mwaka mzima.

Msomaji asiyetoka huku kwetu pengine atauliza kwa nini bibi mwenye akili timamu auze mbuzi kwa ajili ya maji. Usharika wangu uko kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Maji tunayo, tena mazuri kwa macho, baridi na meupe. Lakini yanapita kwenye miamba ya volkano na kuyeyusha humo madini ya floraidi. Floraidi kidogo ni nzuri kwa meno, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi ni madhara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na ziko chemchemi za ukanda huu zinazopita kiwango hicho mara kadhaa. Ndiyo sababu watu wetu wengi wana meno ya kahawia, na wasichana wa kipaimara hucheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Wako pia watoto ambao miguu imepinda. Nimewahi kusikia mtu akisema ni laana ya ukoo. Bibi hakutaka laana hiyo iwafikie wajukuu. Hakununua kifimbo kwa upumbavu, alikinunua kwa upendo, na mchungaji wake alikuwa amemwambia aamini.

Baadaye kamati ya diakonia ya usharika ilileta pendekezo la kununua kichujio cha maji. Mwenyekiti alieleza vizuri, akasema ndani yake kuna mchanga na vilevile chembe za nano zinazonasa floraidi. Bibi alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango. Aliinua mkono, akasubiri apewe nafasi, ndipo akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Nano tena, Baba Mchungaji?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Neno lilikuwa lile lile. Kitu kilichosemwa hakionekani kwa macho, mara zote mbili. Mara ya kwanza ulikuwa uongo na mara ya pili ni kweli, na mjane aliyeketi nyuma hakupewa na mtu yeyote njia ya kutofautisha. Swali langu katika maandishi haya ndilo hilo. Je, inatosha kanisa limpatie mtu maji safi, au tunawiwa naye pia maelezo?

Niseme kwanza kile nilichojifunza, maana chuo cha theolojia kilinifundisha Kiyunani na Kiebrania, hakikunifundisha nano. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa katika sehemu bilioni moja. Unywele wa kichwa una upana wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Ukucha wako unakua kwa kadiri ya nanomita moja kila sekunde. Kwa hiyo nikihubiri nusu saa (na ndugu zangu wanajua huwa napitiliza) kucha zenu zinarefuka nanomita kama 2,000, ambazo ni kama sehemu ya arobaini ya unywele mmoja. Nanoteknolojia ni ufundi wa kutengeneza na kutumia vitu vya kadiri hiyo.

Kwa nini udogo huo usaidie kusafisha maji? Chukua kipande cha mche wa sabuni chenye sentimita moja kila upande. Ukipima nyuso zake zote unapata sentimita za mraba 6. Kikate katika vipande vya milimita moja moja, nyuso zinakuwa sentimita za mraba 60, na sabuni ni ile ile. Kama ungeweza kuendelea kukata hadi kila kipande kiwe nanomita moja, jumla ya nyuso ingefika mita za mraba 6,000, eneo linalokaribia uwanja wa mpira. Floraidi hunaswa juu ya uso wa chembe. Chembe zikiwa ndogo sana, konzi moja ya unga inakuwa na uwanja mzima wa kunasia. Hakuna muujiza hapo, ni hesabu ya darasani.

Na ufundi huu si wa kigeni kwetu. Mtanzania, Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela hapa hapa Arusha, alitengeneza kichujio kinachounganisha mchanga na chembe za nano. Mwaka 2015 kilimpatia tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, tuzo iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Kazi hiyo ilifanyika mwendo mfupi tu kutoka kwenye mimbari yangu, nami nilikuwa natangaza vifimbo.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi yangu. Kosa langu halikuwa kusema kwamba kuna mambo yasiyoonekana. Kila Jumapili tunakiri kwamba Mungu aliumba vinavyoonekana na visivyoonekana. Kosa langu lilikuwa kuvichanganya visivyoonekana vya aina mbili. Msamaha wa dhambi hauonekani, wala hakuna maabara itakayoupima. Umetegemea ahadi ya yule aliyeahidi, na mbele ya ahadi neno la kutumia ni "amini". Floraidi nayo haionekani, lakini inapimika. Mtu anachukua maji kwenye chupa, anayapeleka kupimwa, anarudi na namba. Mbele ya kitu kinachopimika, neno la kwanza si "amini". Neno la kwanza ni "tupime". Mchungaji anayechukua neno tulilopewa kwa ajili ya ahadi ya Mungu na kumwazima mwuza vifimbo, amemnyang'anya mjane mbuzi wake, na zaidi ya hapo amelichafua neno lenyewe. Jumapili inayofuata atalitumia kwenye mahubiri ya ufufuo, na watu watakumbuka kifimbo.

Kuuliza si kukosa imani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 17 watu wa Beroya wanasifiwa kwa sababu walichunguza kila siku kama mambo ya Paulo yalikuwa hivyo. Kama mahubiri ya mtume yalichunguzwa na wachunguzaji wakasifiwa, mwuzaji wa Jumapili ni nani asichunguzwe? Naye Luther, katika maelezo yake ya imani, anahesabu akili na fahamu miongoni mwa vipawa ambavyo Muumba ametupa na anavitunza. Akieleza amri ya kukataza wizi, anataja pia kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa za uongo. Nilipoisoma upya sehemu hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Lakini nataka kumtendea haki mzee wa kanisa mmoja aliyenipinga katika kamati. Alisema: "Mchungaji, sisi tunapanda basi bila kujua injini. Tunameza dawa bila kujua kemia. Weka kichujio, watu wanywe, basi." Hoja yake ina uzito. Hata historia inamuunga mkono. Huko Ulaya viko vioo vya zamani vyenye rangi nyekundu iliyotokana na chembe ndogo mno za dhahabu, kwa sababu dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haionekani ya njano tena, huonekana nyekundu. Mafundi wale walifanya nano mamia ya miaka kabla ya neno hilo kutungwa, hawakujua sababu, na vioo vinang'aa hadi leo. Hakuna aliyedhurika kwa kutokujua.

Ila kioo hakijai, kichujio kinajaa. Ule uwanja wa kunasia nilioueleza hufikia mahali ukawa umejaa floraidi, na tangu hapo maji hupita nayo. Na hapa ndipo ninapomwomba mzee wangu asikilize: maji yanayotoka kwenye kichujio kilichojaa yanaonekana sawa kabisa na yale ya siku ya kwanza. Ni meupe, hayana harufu, na ladha yake haishtui. Mama ambaye hakuelezwa atamnywesha mtoto kwa moyo mkunjufu, akimshukuru Mungu na kanisa. Injini ya basi ikiharibika basi husimama na abiria wote wanajua. Kichujio kikichoka hakisemi kitu. Kwa hiyo zawadi hii bila mafundisho si zawadi nusu. Inaweza kuwa tego.

Tena angalia jambo la umri. Meno ya kudumu huharibiwa na floraidi yanapokuwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, zaidi katika miaka minane ya kwanza ya maisha. Anayedhurika hachagui maji anayokunywa. Anayechagua ni mama, au bibi, ambaye meno yake yeye hayatabadilika tena kwa namna yoyote. Anayetoa fedha ni baba au kamati. Anayeweza kusoma maelekezo ya kichujio mara nyingi ni kijana wa sekondari. Ukimfundisha mmoja wao peke yake, mnyororo umekatika. Luther aliona jambo la namna hii alipokagua sharika za Saksonia mwaka 1528 na kukuta watu wazima na hata wachungaji hawajui mambo ya msingi. Mwaka uliofuata alitoa Katekisimo Ndogo, akaielekeza kwa wakuu wa nyumba ili wawafundishe walio nyumbani mwao, na kila fungu akaliwekea swali la kuuliza maana yake. Hakuridhika watu wakariri bila kuelewa. Sioni kwa nini ukarimu huo wa kueleza uishie kwenye amri na sala, usifike kwenye ndoo ya maji.

Huko Marekani makumbusho ya sayansi yalijiunga katika mtandao mwaka 2005 ili kufundisha nano kwa watu wa rika zote, na kwa miaka kadhaa walikuwa na siku maalumu za kazi hiyo, za watoto pamoja na wazazi wao. Moja ya mbinu zao niliijaribu shule ya Jumapili. Unatia matone ya vanila ndani ya puto, unalipuliza na kulifunga. Puto halivuji, lakini baada ya muda mfupi watoto wananusa vanila nje. Kumbe ziko chembe ndogo kuliko matundu ya puto! Mtoto wa miaka sita aliniambia, "Puto lina milango."

Kwa wazee nilitumia chumvi. Baada ya kipindi cha umoja wa wanawake niliyeyusha chumvi kwenye sufuria ya maji, nikawapa wayachuje kwa kitambaa. Wakaonja. Nikawapa wayachemshe, yakapoa, wakaonja tena. Kwa miaka mingi tumewatangazia wachemshe maji, na ni tangazo jema, kwa sababu moto unaua vijidudu. Lakini floraidi si kijidudu. Moto hauiui, na maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki humo humo.

Bibi alikuwa wa mwisho kuonja. Alikaa kimya, akifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Kwa hiyo kile kifimbo," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ulikijua?"

"Sikukijua. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Nisamehe."

Nilikuwa nimeweka fedha za mbuzi kwenye bahasha, fedha zangu mwenyewe, nikampa. Aliipokea bahasha, akaishika kwa mikono yote miwili, kisha akasema msamaha nimepata, lakini Jumapili niyaseme hayo hayo mahali pale pale niliposimama siku ile, kwa sababu si yeye peke yake aliyenunua.

Niliyasema wakati wa matangazo. Baada ya ibada watu wanne walinifuata ofisini.

Kichujio sasa kimefungwa kando ya nyumba ya mwinjilisti. Vijana wa kipaimara wana daftari wanaloandika tarehe na idadi ya ndoo, na kwa ratiba waliyopanga wenyewe chupa moja ya maji hupelekwa kupimwa. Namba ikirudi inasomwa kanisani pamoja na matangazo mengine, kati ya sadaka na ndoa. Bibi bado anaketi nyuma, karibu na mlango. Namba ikisomwa upesi mno huinua mkono, ili irudiwe.