Karafuu Mbichi Mizanini

Mjukuu wangu, sikukuu pili asubuhi ulinipigia simu hata chai sijaimaliza, sauti yako kama ya mtu aliyefiwa. "Babu, nimeharibu kila kitu." Moyo ukanipasuka. Nikadhani umegongwa na gari, au kazi imekwenda. Kumbe umepanda mizani.

Tangu tulipoimaliza Ramadhani umejichunga wiki tisa, ukapungua kilo sita. Kisha ikaja sikukuu ya Mfungo Tatu. Asubuhi bokoboko nyumbani, mchana pilau kwa mjomba wako, alasiri biriani na soda kwa rafiki yako, jioni halua kwa kahawa. Kulipokucha mizani ikakwambia kilo mbili na nusu zimerudi. Kwenye simu ulikuwa hunisikii, unajilaani tu, ndiyo nikaona bora nikuandikie. Maandishi hayakatizwi maneno.

Unajua kazi niliyoifanya. Miaka 31 nimesimama mbele ya mizani katika vituo vya kununulia karafuu hapa Pemba. Karafuu ikitoka mtini ina maji mengi. Chukua kilo tatu mbichi, zichambue makonyo, zianike vizuri juani, na utakapozikusanya jamvini utabaki na kama kilo moja. Sasa mtu akikuletea gunia ambalo halijakauka, mizani haisemi uongo. Uzito ule upo, ni wa kweli. Lakini si uzito wa karafuu. Ndiyo maana kabla ya kupima nilikuwa natia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, nachota za chini, navunja moja kwa vidole. Iliyokauka inakatika kwa mlio; mbichi inapinda. Wapo walionikasirikia, wakaniona nawabania. Nikiwaambia: rudi nayo uanike siku mbili, kisha tutasema.

Wewe sikukuu pili ulipima gunia bichi.

Mwili una ghala yake ndogo ya wanga, kwenye ini na kwenye misuli. Wali, mkate, sukari, vyote hivyo vikizidi haja ya wakati ule huwekwa akiba humo kwanza. Ghala ile ikijaa kwa mtu mzima huchukua kama nusu kilo hivi ya wanga. Lakini wanga ule haukai mkavu: kila gramu moja hushikana na gramu kama 3 za maji. Piga hesabu mwenyewe, uliyesoma zaidi yangu. Mtu aliyejinyima wiki nyingi ghala yake imepungua, na siku moja ya wali na halua inaijaza. Juu yake weka chumvi ya bokoboko, ya pilau, ya achari, nayo inazuia maji mwilini. Juu yake tena weka chakula chenyewe, ambacho saa kumi na mbili za asubuhi bado kilikuwa safarini tumboni mwako. Chakula nacho kina uzito, hata kama hakijawa nyama ya mtu.

Na mafuta? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Ili uongeze kilo mbili na nusu za mafuta kwa siku moja, ungelazimika kula kiasi cha kalori 19,000 zaidi ya ulizotumia. Sahani ya pilau ya kushiba na nyama yake tuikisie kalori 800. Basi ungekula sahani zaidi ya ishirini, baada ya kwisha kula chakula chako cha kawaida. Wewe ni mlaji, hilo sikukatalii, mama yako alikunyonyesha huku akilia. Lakini sahani ishirini hukuzila. Tukikadiria ulizidisha kalori 2,000, au hata 2,500, mafuta yaliyoingia hayafiki gramu 350. Kilichobaki ni maji na safari ya tumbo.

Na nikukumbushe jambo moja ambalo nadhani umelisahau kwa makusudi. Wiki ya kwanza ya Mfungo Mosi ulipungua kilo mbili. Siku ile ulinipigia pia, ukicheka, ukaniambia mwili wako unaitikia. Yale nayo yalikuwa maji kwa sehemu kubwa, ghala ikipungua na maji yake yakitoka. Mizani ilipokusifu hukuitilia shaka. Wateja wangu nao walikuwa hivyo hivyo.

Hayo ya sikukuu mosi basi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ya sikukuu pili na tatu, ambayo bibi yako aliyapata kwa mama yako. Mchana kutwa hukutia kitu mdomoni, ukasema unajiadhibu. Usiku ukaingia jikoni ukamaliza sinia la visheti vya wageni. Na kesho yake ukasema, nimeshaharibu, liwalo na liwe, nitaanza upya Jumatatu. Siku nne zikenda hivyo.

Hii "liwalo na liwe" usidhani ni tabia yako peke yako. Mama yako, kwa uuguzi wake, aliwahi kunisomea habari ya majaribio yaliyofanywa Marekani, yakachapishwa mwaka 1975 na watafiti wawili, Herman na Mack. Waliwapa baadhi ya wanafunzi wa kike maziwa mazito matamu ya kuburudisha, kisha wakawawekea wote aiskrimu wale watakavyo, wakijifanya wanawauliza ladha yake. Wasichana wasiojinyima, waliokwisha kunywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo, kwani wameshiba. Waliokuwa wakijinyima walifanya kinyume: aliyekunywa maziwa alikula aiskrimu nyingi kuliko mwenzake mwenye kujinyima ambaye hakuyanywa. Yaani tumbo limejaa, na mkono ndio unaongeza mwendo. Walijiona mwiko wameshauvunja, kwa hiyo hakuna tena cha kulinda.

Mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu, tena kwa nafsi yangu. Niliambiwa nina maradhi ya sukari nikiwa na kilo 97. Nikaanza kujichunga. Mwaka ule ule, usiku wa Maulidi, nilikula mpaka nikaona haya kuinuka. Asubuhi nikameza vidonge vyangu vya sukari kama kawaida, nikaapa sili kitu mpaka jioni. Saa nane mchana, nikiwa bandani, jasho jembamba likanitoka, mikono ikatetemeka, jina la mtu niliyekuwa naongea naye likanipotea. Bibi yako ndiye aliyefahamu. Alinitia maji ya sukari mdomoni kwa kijiko huku akinitukana matusi ambayo sijayasikia kabla wala baada yake. Daktari aliniambia baadaye kwamba vidonge vya aina ile vinaishusha sukari iwe umekula au hukula, na mtu anayevitumia haruki mlo kwa kujikomoa. Wewe hutumii dawa, Alhamdulillahi. Lakini rafiki zako wapo wanaotumia, nao nasikia mnapeana mashauri huko kwenye simu zenu.

Hata kwa asiye mgonjwa, njaa ya adhabu ina deni. Mwaka 1944 na 1945, vita vikielekea mwisho, vijana 36 wa Kimarekani walijitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota kupunguziwa chakula kwa wiki 24, chini ya mtaalamu Ancel Keys, ili ijulikane namna ya kuwarejesha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Wakawa hawana mazungumzo ila chakula. Wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Na walipofunguliwa, wengine walikula kupita kiasi na bado hawakuona shibe. Wale walikuwa vijana wenye nia kuliko mimi na wewe. Sasa wewe unataka kuishinda njaa kwa kuiongeza?

Asubuhi baada ya karamu, kula. Kunywa chai yako, yai, kipande cha muhogo wa kuchemsha, mchana samaki na mchicha na wali wako ule mdogo wa kila siku. Kama hujasikia njaa asubuhi, ngoja mpaka uisikie. Huko si kujiadhibu. Tembea kwa miguu yako uende ukawatembelee uliowakosa. Basi.

Usije hata hivyo ukaenda kuwaambia watu kwamba babu kasema kula hovyo hakuna neno. Tufungue daftari. Tuseme kila siku unatumia kalori 500 zaidi ya unazokula. Siku sita ni 3,000. Siku ya saba ni harusi, ukazidisha 2,000. Bado unabaki na faida ya 1,000. Wiki ile umekwenda polepole, lakini umekwenda mbele. Hiyo ni harusi moja. Sasa niambie kwa haki, kwako ni harusi moja? Siku tano za kazi umechuma 2,500. Jumamosi shughuli, Jumapili mmekaa barazani Forodhani huko mjini na mishikaki na soda, kila siku umezidisha 1,500. Umeshatoa 3,000. Wiki nzima umejinyima, umenuna, umewachosha wa nyumbani, na mwisho wake unadaiwa 500. Kisha unasema mwili wangu haupungui, nina asili ya unene.

Neno "mara moja moja" linanichekesha. Wenye maduka wanalijua: kila mkopaji hukopa mara moja moja. Ukitaka kujua kweli, tia alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku uliyokula ukapitiliza. Usiandike kalori, alama tu. Mwezi ukiisha zihesabu. Mbili au tatu, endelea na safari yako wala usishughulike. Zikifika nane, hiyo si karamu tena, ndiyo chakula chako.

Na lile dogo linaloingia kweli nalo lisidharauliwe. Kuna utafiti mwingine wa Wamarekani, wa mwaka 2000, watu wazima 195 walipimwa kabla na baada ya msimu wa sikukuu zao za mwisho wa mwaka. Wenyewe wakidhani wameongezeka sana. Walipopimwa, wastani ulikuwa gramu 370 tu, nusu kilo haifiki. Lakini walipofuatwa baadaye, ile nusu isiyofika ilikuwa bado ipo. Haikutoka. Mwaka ujao inakuja nyingine inakaa juu yake. Hivyo ndivyo mimi nilivyofika kilo 97, sikuamka siku moja nikajikuta nazo. Gramu 350 zako za Mfungo Tatu ni kazi ya wiki moja ukirudi kwenye mwendo wako kesho. Ukirudi Jumatatu ya mwezi ujao, ni zako.

Uliniuliza ufanye nini wenyeji wanapokushikilia, "ongeza, hujala". Kwenye sahani yako peke yako ni shida, kwani kila mtu anaona. Kwenye sinia ni rahisi, na nashangaa vijana hamlitumii. Mmekaa watano, hakuna anayehesabu matonge ya mwenziwe. Anza na kachumbari, chukua nyama, matonge yako yawe madogo, na uwe wewe ndiye mwenye kisa cha kusimulia. Usinyanyue mkono mwanzo tu. Mimi mzee nikiuondoa mkono mapema, vijana wote wanaona haya kuendelea, nimewanyima karamu yao. Kwa hiyo mkono wangu uko siniani mpaka mwisho, ila mara nyingi unatembea mtupu. Soda ikija naomba maji. Chupa ile moja ya mililita 300 ina sukari ya kama vijiko vinane vya chai, na kwa maradhi yangu huo ni wazimu. Halua nachukua kipande cha ukucha. Ya Wete, lakini. Nyingine siigusi.

Neno jingine nalisema haraka kwa sababu sitaki kulirefusha. Kama inakutokea kula kwa siri, mara kwa mara, unataka kuacha na mkono haukutii, kisha unajichukia mpaka unajitapisha, hapo tumetoka kwenye mambo ya sikukuu. Mwambie mama yako akupeleke kwa daktari. Ni maradhi kama mengine, na yana tiba yake.

Mimi sasa nina kilo 83. Imenichukua miaka mitatu, na ndani yake zimo sikukuu sita, Maulidi tatu, na harusi ambazo sikuzihesabu. Napanda mizani kila Alkhamisi alfajiri, baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, naandika. Baada ya karamu kubwa naipitisha Alkhamisi ya kwanza, siigusi mizani, naiacha karafuu ikauke. Ya pili ndiyo napima.

Jumamosi kuna hitima kwa jirani, nitakwenda na nitakula. Wewe Jumapili nenda bandarini ukalichukue kapu ambalo bibi yako amelituma. Nimemkataza, hakusikia: mna mkate wa kumimina mzima na visheti. Usivirudishe, utamuudhi. Robo ya mkate mpe yule mzee anayekulindia pikipiki, visheti vipeleke kazini, kilichobaki ule na chai isiyo sukari. Na kama bado hujajipima tangu siku ile ya simu, ngoja Alkhamisi ya pili.