Nisomee Hiyo Karatasi

Mama yangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi kule Rungwe, kwa hiyo kusoma si jambo ambalo amewahi kuomba msaada. Ila mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Ni mtoto wa jicho, wakamwambia, atafanyiwa upasuaji mdogo na ataona tena. Akaja kukaa kwangu hapa Soweto, Mbeya, ili awe karibu na hospitali. Kabla ya upasuaji akaandikiwa vipimo kadhaa, kimojawapo kile ambacho hospitalini wanakiita FBP, yaani picha kamili ya damu.

Siku ya majibu tulisimama kwenye dirisha la maabara. Mkono ukatoka, ukatupa karatasi, sauti ikaita namba inayofuata. Hakuna aliyetueleza neno. Tukarudi kukaa kwenye benchi, mama akanigeuzia uso na kusema, "Nisomee, mwanangu."

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari ishirini hivi. Kila mstari una kifupisho, namba iliyopatikana, na pembeni kiwango cha chini na cha juu. Namba ikivuka juu, mashine inaweka herufi H. Ikishuka chini, inaweka L. Chembe nyeupe za mama zilikuwa 3.1, na kiwango kinaanzia 4.0. Zikawekewa L. Nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria, zilikuwa 1.2. L nyingine. Nikatoa simu na kutafuta. Haikuchukua hata dakika mbili nikawa nimeshafika kwenye saratani ya damu.

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Wanasema kila kitu kiko sawa."

Uongo huo ndio ulionifanya niandike makala hii. Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka nimebishana na watu vijiweni, na hata kwenye matanga, kuhusu ule utaratibu wetu wa kuwaita ndugu pembeni na kuwaambia ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe hajaambiwa. "Hatukumwambia, angekata tamaa." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara nilijiona bora kuliko waliyoisema. Mwili ni wa kwake, nilisema, na habari zake ni zake. Siku ilipofika zamu yangu, msimamo wangu wote haukudumu hata dakika moja kwenye benchi.

Nililala siku mbili bila usingizi. Mchana nilikuwa mchangamfu kupita kawaida, nikamnunulia hadi vitu asivyokula. Siku ya tatu tukaonana na daktari.

Daktari aliangalia karatasi, kisha akaiweka chini. Hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia mama: Mama, unapata homa za mara kwa mara? Vidonda mdomoni? Umekonda? Unatumia dawa gani? Umewahi kupima kipimo hiki zamani? Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyofungwa ndani ya kitenge. Mwalimu hatupi karatasi. Kulikuwa na majibu ya 2013, chembe nyeupe 3.3. Kulikuwa na ya 2018, chembe nyeupe 3.0.

"Basi hii ndiyo damu yako, mama," daktari akasema. Aliagiza damu iangaliwe kwa darubini na kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa, ajiridhishe. Hakusema kwamba mama ni mzima wa kila kitu. Alisema tu kwamba hajaona sababu ya kumwita mgonjwa.

Alipotaja kwamba namba ziko chini ya kiwango, mama alinigeukia kidogo. Hakusema kitu mpaka tulipopanda bajaji. "Siku ile kwenye benchi sauti yako ilikauka. Nikajua. Mwaka 2013 walinitisha hivyo hivyo. Ungeisoma kama ilivyo, ningekuambia."

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo machache kuhusu karatasi ile, na kila ninalojifunza linazidi kunihukumu. Kwanza, mashine yenyewe inafanya nini? Inahesabu. Nyingi zinategemea wazo ambalo Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza yake mwaka 1953: pitisha chembe moja moja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme, na kila inayopita itautikisa mkondo huo kwa kadiri ya ukubwa wake. Ni kazi nzuri ajabu, lakini kazi yenyewe ni kuhesabu tu. Ile herufi L si sehemu ya hesabu ya damu. Inatokana na kulinganisha, na kulinganisha ni lazima kuwe na mtu wa kulinganishwa naye. Huyo mtu ni nani?

Kwa kawaida ni kundi la watu wenye afya waliopimwa mahali fulani. Wanachukua asilimia 95 ya katikati na kuiita kiwango. Maana yake ni kwamba asilimia 5 ya wazima waliopimwa walishatolewa nje ya mstari tangu mwanzo. Ukimpima mtu mzima wa afya vipimo 20 visivyohusiana, uwezekano wa vyote kuangukia ndani ya kiwango ni kama 36 kati ya 100. Kwenye FBP vipimo vinahusiana, kwa hiyo hesabu haiwi hiyo kamili, lakini somo linabaki: karatasi isiyo na H wala L hata moja si jambo la kutegemea kwa kila mzima.

Pili, kundi hilo lilitoka wapi? Viwango vingi vilivyosambaa duniani vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Sasa, wengi wetu wenye asili ya kusini mwa Sahara chembe zetu nyekundu hazina alama moja inayoitwa Duffy, jina la mgonjwa wa hemofilia wa Uingereza ambaye kwake alama hiyo iligunduliwa mwaka 1950. Kimelea cha malaria kiitwacho vivax huutumia mlango huo kuingia kwenye chembe, kwa hiyo kutokuwa nao kuliwafaa babu zetu. Watu wa namna hiyo mara nyingi huwa na nyutrofili chache kwenye damu inayozunguka, bila kuugua zaidi ya wengine. Kwa miaka mingi vitabu viliita hali hiyo upungufu, tena upungufu wa watu wa asili fulani. Fikiria hapo. Umepungukiwa na nini, kama huumwi? Sisemi mama ni mmoja wao, hakupimwa hilo. Nasema tu kwamba sikuwahi kujiuliza.

Na kujiuliza ndiyo kazi yangu. Waziri akitaja asilimia, swali langu la kwanza ni: ukilinganisha na nini, na mwaka gani? Jibu lilikuwa hapa hapa nyumbani. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliopima watu wazima wenye afya mkoani Mbeya ili kupata viwango vya maabara vya huku, na baadhi vilitofautiana na vile vya nchi za Magharibi. Watu walishaona kwamba damu ya Mbeya inahitaji kusomwa Mbeya. Karatasi ya mama ilikuwa bado inatumia viwango vya mbali.

Lakini nisije nikawaachia wasomaji neno la hatari, kwamba L ni ya kupuuza. Kosa linakwenda pande zote mbili. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mwili hujiongezea himoglobini. Shirika la Afya Duniani limeweka gramu 12 kwa desilita kuwa mpaka wa upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito, na linataka mpaka huo upandishwe kwa wanaoishi nyanda za juu. Mwanamke wa Soweto mwenye 12.2 anaweza kupewa karatasi safi isiyo na herufi yoyote, akaambiwa aende nyumbani, wakati miaka miwili iliyopita alikuwa na 14.5 na kuna mahali anapoteza damu polepole. Namba yake iko ndani ya kiwango, ila mwenyewe anaumwa. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: karatasi yake ya zamani, na mtu wa kumuuliza anajisikiaje.

Narudi kwenye uongo wangu. Nilipoanza kuandika nilidhani swali ni lile la siku zote: je, ni halali kumficha mgonjwa ukweli kwa kumhurumia? Sasa naona sikuwa na ukweli wowote wa kuficha. Nilikuwa na namba mbili, herufi moja na woga wangu mwenyewe. Niliuita woga huo ukweli, kisha nikajipa cheo cha kumlinda mama dhidi yake. Na wakati namlinda, yeye ndiye aliyekuwa na jibu mkobani.

Sisi tunaopenda vitabu tunajua kwamba mstari mmoja hausomwi peke yake, unauliza ulitanguliwa na nini. Tunawacheka wanaonukuu sentensi moja ya riwaya na kumhukumu mwandishi. Mbele ya mtu hai nilifanya hivyo hivyo, tena mtu aliyenifundisha herufi. Aliyeomba kusomewa hakuomba tafsiri yangu. Aliomba macho. Nilipaswa kusema, "Chembe nyeupe ni 3.1, wameweka L, na mimi sijui maana yake." Basi. Kusema "sijui" kungetosha, na kungemwachia nafasi ya kusema anachojua.

Upasuaji ulifanyika, na ulikwenda vizuri. Wiki chache baadaye majibu ya marudio yalikuja, chembe nyeupe 3.2. Mama aliinyoosha karatasi mezani, akaisoma mwenyewe mstari kwa mstari kwa ile sauti ya darasani, akawa ananiuliza kila kifupisho. Vinne nilivijua. Vingine nikamwambia sijui, tutauliza. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha pamoja na zile nyingine, akaifunga na kitenge chake.