Mbuzi wa Arubaini

Mama mkwe wangu, ambaye wanangu humwita Ayeeyo, alipopokea fedha za ukame mara ya kwanza kwa wakala wa benki, alizifunga fundo kwenye pindo la mtandio, akakaa nazo siku tatu. Nyumbani sukari ilikuwa imekwisha. Siku ya nne aliniita.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hizi ni sadaka, au ni haki yangu?"

Mimi ni mtu wa Lamu niliyeolewa Wajir, na nimefundisha madrasa miaka mingi. Nilimjibu upesi kwamba serikali imetoa, ale tu. Hakuridhika. Nami usiku ule jibu langu lilininyima usingizi.

Ayeeyo hakuzoea kunyoosha mkono. Mbuzi wakifika arubaini na mwaka ukawapitia, mmoja hutoka zaka. Alimtoa kila mwaka, wala hakuwahi kumchagua aliyekonda. Kisha mvua za mwisho wa 2020 zikakosa, na baada yake misimu mingine minne. Wakabaki sita.

Asubuhi nilimrudia nikamuuliza: ulipokuwa ukimtoa yule mbuzi, ulijiona mkarimu? Alishangaa. Mkarimu kwa lipi, na mbuzi hakuwa wake? Alikuwa akilishwa kwake tu.

Basi kama ni hivyo, nilimwambia, aliyejua akiwa na arubaini kwamba mmoja ni wa mwingine, kwa nini ainamishe kichwa akiwa na sita? Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na inaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu. Na katika sira tumesoma Mwaka wa Majivu, mwaka wa ukame na njaa, 18 Hijria, khalifa Sayyidna Umar alipoagiza chakula kutoka Sham, na akaahirisha kukusanya zaka. Hakuwa akigawa sadaka yake. Alikuwa akitimiza amana.

Akafungua fundo. Nusu akampelekea mjane wa boma la pili.

Hapa ndipo ninapoumia. Katika HSNP, mpango wa serikali unaotoa fedha hizo, kaya za orodha ya kudumu zilipangiwa shilingi 2,700 kwa mwezi, yaani 5,400 kila miezi miwili. Ukame ukizidi, satelaiti hupima ukijani wa malisho, na kaya nyingine huongezwa. Kipimo hicho nakipenda, kwa kuwa majani hayana ukoo wala chama. Lakini satelaiti haimwoni mjane ambaye siku ya kuandikisha majina alikuwa mbali, kisimani, akinywesha ngamia wa watu.

Alipopewa zile noti alilia, akambusu Ayeeyo mkono. Nilifurahi, halafu nikahuzunika. Fedha ya Ayeeyo ilimfikia kama haki. Ya mjane ilimfikia kama fadhila ya jirani, ilhali njaa yao ni moja na Ibara ni ile ile. Mwanamke yule hakuwa na deni la shukrani kwa mtu yeyote. Nimekwenda naye ofisini mara mbili, na jina lake bado halijaingia. Nitakwenda tena.

Juzi Ayeeyo alinipigia simu. Mbuzi wamefika kumi na tisa, na wawili wana mimba. Aliuliza kama katika ile arubaini watoto nao huhesabiwa.

Huhesabiwa, nikamwambia, pamoja na mama zao.